Fazi iliyokataa kaskazi: kisa cha mpiga gitaa wa Bamburi

Alikuja nayo imeviringwa ndani ya leso ya mamake, akaiweka juu ya meza yangu taratibu kama mtu aliyebeba mayai. Ilikuwa mwezi wa pili, saa tisa alasiri, kaskazi imepamba moto, na feni ya kibanda changu cha ufundi huko Majengo, Mombasa, inasukuma hewa ileile ya vuguvugu kutoka ukuta huu hadi ule. Nilipoifunua nikaona fazi, pedali ya gitaa inayogeuza sauti kuwa mngurumo: kisanduku cheusi cha alumini, nobu mbili, swichi moja ya kukanyaga, na sahihi ya mkono ya fundi aliyeitengeneza.

"Shikamoo, ami."

"Marahaba, mwanangu. Inaumwa nini?"

"Usiku inaimba, mchana inakohoa. Betri nimebadilisha mara tatu."

Nimekaa na kisa hiki siku kadhaa nikaona nikiandike chote. Si cha kwanza kuletwa kwangu, na maelezo mengi ya kuchagua pedali za mkono, yaani zilizotengenezwa na fundi mmoja mmoja kwa mkono, yameandikwa na watu ambao kiangazi chao ndicho kipupwe chetu. Mpiga gitaa wa Mombasa akiyafuata neno kwa neno, atanunua chombo kizuri kilichotengenezewa nchi nyingine.

Kijana mwenyewe ni wa Bamburi. Jumamosi na Jumapili mchana hupiga na bendi ya hoteli moja ya ufuoni, kando ya bwawa la kuogelea: rumba, bango (muziki wa dansi wa pwani), na nyimbo zile ambazo watalii huziomba kila siku. Wiki ikiwa na harusi, hupiga usiku na kundi la taarab. Halafu wao vijana wanne wana kundi lao wenyewe, wanachanganya chakacha na roki, na humo ndimo moyo wake ulimo. Kwa ajili ya kundi hilo aliweka akiba miezi minane, akaagiza ng'ambo fazi ya germaniamu, yaani yenye transista za mtindo wa zamani, iliyotengenezwa kwa mkono. Mpaka inamfikia, pamoja na usafirishaji, ushuru na VAT ya asilimia 16, ilimmaliza shilingi 31,000. Alibaki na 25,000 za pedali nyingine, na kabla hajazitoa alitaka kujua ya kwanza ilimkosea wapi.

Masikio yake hayakumdanganya. Alinunua mwezi wa saba, kusi inavuma, usiku chumbani kwao dirisha liko wazi. Aliniambia kwamba ukikata volyumu ya gitaa kidogo tu, mngurumo unayeyuka na kubaki sauti safi yenye chembechembe, na ukiifungua unarudi wote. Ndivyo ilivyo fazi nzuri ya germaniamu, na ndiyo sababu watu huitafuta. Basi alikaa nayo raha mustarehe mpaka Desemba, bendi ya hoteli ilipoanza kupiga saa nane mchana kwa ajili ya wageni wa sikukuu. Jukwaa lile halina kivuli baada ya adhuhuri. Wimbo wa kwanza ulikwenda. Wa pili, sauti ikapungua. Kufika wa tatu, kila noti inakatika mkia, na ukipiga polepole hakitoki kitu ila "prrt, prrt," kama bodaboda inayoishiwa petroli. Saa mbili usiku, nyumbani, ikaimba tena.

Mwenzake mmoja akamwambia tatizo ni betri, atumie adapta. Akachomeka fazi kwenye waya uleule unaogawa umeme kwa pedali zake zote. Zote zikazima papo hapo, na adapta ikatoa harufu ya plastiki inayoungua.

Haya ni matatizo mawili na hayahusiani hata kidogo, ila asili yao ni moja: transista mbili ndogo za germaniamu, vile vipande vinavyokuza sauti, za aina ya PNP inayotaka umeme kinyume na aina iliyozoeleka leo.

Kwanza turudi nyuma kidogo. Saketi ile ni ya kizazi cha Fuzz Face, pedali ya mviringo iliyotolewa na kampuni ya Arbiter mjini London mwaka 1966. Za mwanzo zilitumia transista za germaniamu, NKT275 ndizo zinazotajwa zaidi, kisha wakahamia silikoni kama BC108. Jimi Hendrix alizipiga za namna zote mbili. Ukiihesabu saketi yenyewe unashangaa: transista 2, rezista 4, kapasita 3, na volyumu 2. Vipande 11, basi. Ndiyo maana kila anayejifunza kulehemu pedali huanzia hapo, na ndiyo maana soko la pedali za mkono limejaa fazi za namna hii. Lakini saketi yenye vipande 11 haina pa kujificha. Transista ikiyumba, hakuna kingine cha kuishika.

Nilifungua skrubu nne. Kazi ya ndani ilikuwa nzuri, sitaki kumkosea haki fundi yule. Nyaya zimelazwa kwa mpango, risasi inang'aa, transista zimewekwa kwenye soketi ili zisiungue wakati wa kulehemu. Kulikuwa na trima moja ya kurekebisha mkao wa transista ya pili, nayo imepakwa rangi nyekundu isiguswe. Alichokiweka fundi ndani ya karakana yake yenye ubaridi alikikusudia kidumu milele.

Sasa kipimo. Katika saketi hii kuna mahali pamoja panapokuambia karibu kila kitu: kolekta, yaani mguu wa kutolea, ya transista ya pili. Betri ni ya volti 9, na pale panatakiwa pakae karibu na nusu, 4.5 au jirani yake, ili wimbi la sauti lipate nafasi ya kupanda na kushuka sawasawa. Pakisogea mbali mno kuelekea 9, upande mmoja wa wimbi unagonga dari. Noti kubwa zitapita zikiwa zimechanika, na mkia wa noti, ule unaofifia, hautapita kabisa.

Nilipima asubuhi na mapema, kibanda kikiwa nyuzijoto 27: volti 4.7. Nikaiacha mezani. Saa tisa alasiri, nyuzijoto 33: volti 5.9. Kisha nikaiweka kwenye kizingiti cha dirisha, juani, nusu saa. Kisanduku cheusi cha alumini kinanyonya jua kama bati. Kilipofika nyuzijoto 44, mita ikasoma 7.8. Nilimpa gitaa apige. "Prrt, prrt."

Hapo nikamtuma kijana wa jirani dukani alete soda baridi. Nikaifunga chupa ndani ya mfuko wa plastiki, maji yasidondoke kwenye saketi, nikaiegemeza kwenye zile transista mbili na kumwambia asiache kupiga. Alikuwa amepiga noti moja, akairudia, akairudia. Kufumba na kufumbua mkia wa noti ukaanza kurefuka. Kabla dakika mbili hazijaisha, fazi yote imerudi, nene, na mita imeshuka chini ya 5. Alinitazama, akatazama chupa, akaipiga noti ileile tena.

Sababu yake ni hii. Transista ya germaniamu huvuja. Hata usipoiamuru, umeme kidogo hupita, na uvujaji huo huongezeka takriban maradufu kila joto linapopanda nyuzi 10. Silikoni nayo huvuja, lakini kidogo mno, mara maelfu chini ya hapo, kiasi kwamba katika kazi hii hauhesabiki. Sasa transista ya kwanza ikivuja sana, inajiendesha yenyewe bila kungoja ishara. Ya pili, inayoitegemea, inanyimwa mkondo, na kolekta yake inakimbilia kwenye volti za betri. Mtengenezaji alipima kwake, labda kwenye nyuzijoto 20. Mwezi wa saba hapa tulikuwa karibu na kipimo chake. Mwezi wa pili, juani, tulikuwa mbali nacho.

Hili la adapta ni jepesi zaidi, na lingeweza kuelezwa kwa sentensi moja kwenye karatasi iliyokuja na pedali. Pedali nyingi za leo huunganisha upande hasi wa umeme na kisanduku. Fazi ya PNP ya jadi huunganisha upande chanya. Visanduku vyote vinashikana kwa ngao ya waya wa gitaa unaotoka pedali hii kwenda ile. Ukizilisha zote kwa adapta moja isiyotenganisha matundu yake, umeunganisha chanya na hasi ya adapta hiyohiyo moja kwa moja. Adapta yake ilikufa kwa sababu hiyo, na ana bahati pedali nyingine zilipona.

Tulifanya nini na ile fazi

Ushauri wangu wa kwanza ulikuwa aiuze kwa mtu wa bara, Nairobi au Limuru, aipige huko kwenye baridi. Alikataa. Wimbo mkuu wa kundi lao unafunguliwa na sauti ile, peke yake, kabla ngoma haijaingia. Alinipigia pale kibandani, na baada ya kuusikia sikurudia tena neno la kuuza.

Njia zilikuwa tatu za kweli. Ya kwanza ni kutoa ile trima nje, kuifanya nobu ya tatu, ili mpigaji airekebishe mwenyewe jua likipanda. Mafundi wengi wa pedali hufanya hivi na inasaidia. Lakini yeye anapiga gitaa huku anaimba kiitikio, jua linakwenda na mawingu yanakuja. Kumtaka ainame kila wimbo kutafuta mkao ni kumpa kazi ya pili. Ya pili ni kuweka silikoni kote. Itatulia, kaskazi na kusi, ila ladha hubadilika: sauti inakuwa kali zaidi, yenye makali ya juu, na ile tabia ya kusafika unapokata volyumu ya gitaa hupungua. Ya tatu ni mseto: silikoni nafasi ya kwanza, ambako uvujaji ndio unaoharibu kila kitu, na germaniamu ibaki nafasi ya pili, inayokata wimbi.

Nilizijenga zote tatu kwenye ubao wa majaribio, pembeni ya ile ya asili niliyoirudisha kwenye ubaridi kwa chupa nyingine. Kwa mseto nilitumia BC557, kwa kuwa nayo ni PNP na saketi haihitaji kugeuzwa, nikachagua yenye ukuzaji mdogo katika zile nilizokuwa nazo. Haifiki shilingi 50. Ilibidi kubadilisha rezista ya kolekta ya pili pia, maana silikoni inahitaji volti nyingi zaidi kuamka na mikao yote ya saketi husogea. Nikamwambia ageuke atazame mlango, apige, mimi nibadilishe nyuma yake bila kusema. Silikoni kamili aliitambua kila mara. Mseto na ile ya asili alizichanganya mara mbili, na mara zote mbili aliyoisifu ilikuwa mseto.

Tukaenda na mseto. Transista yake ya kwanza ya asili niliifunga kwenye karatasi na kuibandika ndani ya kifuniko, asije akaambiwa kesho kwamba niliiba. Soketi ya adapta niliitoa kabisa nikaziba tundu kwa mpira. Fazi ile inakula chini ya miliampia moja. Betri ya volti 9 itamlisha mamia ya saa, mradi tu akumbuke kuchomoa waya upande wa kuingilia akimaliza, kwa sababu jeki hiyo ndiyo swichi ya betri.

Jambo ambalo pedali yoyote isingemtibu

Alipokuwa akinieleza mambo ya hotelini, alitaja kitu kimoja kwa kupita tu: hapana ampu ya gitaa. Waya unatoka kwenye pedali unaingia moja kwa moja kwenye mikisa, mashine ya kuchanganya sauti, na kutoka hapo kwenye spika kubwa za ukumbi. Harusini ndivyo ilivyo pia, kumbi nyingi mjini hapa.

Nilimsimamisha hapo. Spika ya ampu ya gitaa, ile ya inchi 12, haitoi sauti zote. Ikipita hezi 5,000 hivi inaanguka kwa kasi, na huko kuanguka ndiko kunakofanya fazi na distoshani zisikike nene na tamu. Spika za ukumbi zina vipaza vya sauti za juu vinavyofika mbali sana kupita hapo. Ukiingiza fazi bila kitu katikati, wageni wanasikia nyuki ndani ya debe. Kijana alikuwa amezoea fazi yake kupitia ampu ndogo ya nyumbani, halafu anashangaa kwa nini Jumapili, hata siku ya ubaridi, sauti haimfurahishi. Alidhani masikio yake yamechoka.

Kwa hiyo pesa ya kwanza katika zile 25,000 haikwenda kwenye pedali ya ladha yoyote. Ilikwenda kwenye kisanduku kinachoiga spika ya gitaa na kutoa waya wa kuingia mikisani, kilichotumika, cha shilingi 8,500. Hakivutii macho na hakuna anayekipiga picha. Lakini kwa mpigaji asiye na ampu, ndicho kinachoamua kama fedha nyingine zote zitasikika. Ningekuwa na kijana mwingine aliye katika hali hii hii na ana 10,000 tu mfukoni, ningemwambia anunue hicho na asinunue kingine mpaka mwakani.

Ovadraivu

Alikuwa na orodha ya ovadraivu tatu, pedali za mkwaruzo mwepesi kuliko wa fazi, zote za mkono, zote amezisikia kwenye simu. Kusikia pedali kwenye simu ni kusikia gitaa la mtu, ampu ya mtu, chumba cha mtu na maikrofoni ya mtu. Sikumwambia asisikilize, nilimwambia aombe picha ya ndani.

Ya kwanza ilikuja imemwagiwa gundi nyeusi juu ya saketi yote. Mtindo huu una historia yake: Klon Centaur, pedali iliyoanza kuuzwa Marekani mwaka 1994 na kuwa kipenzi cha wengi, ilimwagiwa gundi ya epoksi ili wasiiige. Fundi ana haki ya kulinda siri yake. Ila mimi nikiletewa pedali kama hiyo Majengo, kapasita moja imekufa, siwezi kumsaidia mwenyewe, na kuirudisha kwa posta ng'ambo kutamgharimu karibu robo ya bei yake. Tukaiacha.

Ya pili ilikuwa nzuri na ghali, imejengwa kwa vipande vidogo vya kubandikwa juu ya ubao, vile vinavyohitaji miwani na mkono wa daktari. Si dhambi; ni imara vikikaa vizuri. Lakini bei ilikuwa inamaliza pesa zote.

Ya tatu ni ya fundi wa Nairobi. Vipande vya miguu vya kawaida, chipu ya 4558 kwenye soketi, kila rezista unaisoma rangi zake. Nyaya zake hazikunyooka kama za yule wa ng'ambo, na swichi yake ya kukanyaga ni ile ya bei ya chini ambayo huchoka mapema. Nilimwambia kijana: hiyo swichi tutaibadilisha siku ikifa, kazi ya dakika 20. Saketi yake ni ya ukoo wa Tube Screamer ya Ibanez, ambayo hupunguza besi na kusukuma sauti za kati, kilele chake kikiwa karibu na hezi 720.

Hapa tulibishana kidogo. Yeye alitaka ovadraivu isiyogusa rangi ya gitaa, aliyoisoma inasifiwa sana. Nikamuuliza: harusini, nani wanapiga pamoja nawe? Kinanda kinachobeba sauti za fidla, kinachojaza juu na chini. Besi. Ngoma. Waimbaji wawili. Hotelini, kwenye bango, kuna saksafoni, ambayo ndiyo roho ya muziki ule tangu enzi za Mzee Ngala, mpiga saksafoni wa Frere Town, Mombasa. Gitaa lako litapita wapi? Mlango uliobaki ni wa katikati. Ovadraivu inayosukuma katikati inamweka mbele kwa noti nane za solo bila kumlazimisha kuongeza sauti mpaka bwana harusi akunje uso. Alinunua ile ya Nairobi, shilingi 8,000, fundi akaituma kwa basi.

Dilei na nyaya

Kwenye dilei, pedali ya mwangwi, sikumpa nafasi ya kuchagua sana. Nilimjengea mwenyewe, shilingi 3,200 za vipande, kwa chipu ya PT2399. Chipu hii ilitengenezwa na Princeton Technology ya Taiwani kwa ajili ya mwangwi wa mashine za karaoke, na mafundi wa pedali dunia nzima wakaiasili kwa kuwa ni rahisi na inapatikana. Inafanya kazi kwa volti 5, ndani unaweka kidhibiti kidogo cha kuishushia 9. Mwangwi wake ni safi mpaka milisekunde 340 hivi. Ukiivuta kupita hapo inaanza kuchafuka, kelele zinaingia. Aliuliza kama 340 zitamtosha. Tukapiga hesabu kwa chakacha yao, ambayo ni sita kwa nane: wanakwenda mapigo makubwa 110 kwa dakika, pigo moja ni milisekunde 545, na theluthi yake 182. Mwangwi ukiwekwa 182 unaangukia ndani ya ngoma, ukijibu kila kipigo kidogo kama upatu. Alipousikia hakuuliza tena habari ya dilei ndefu.

Katika zilizobaki, 4,500 zilikwenda kwenye kigawa umeme chenye matundu yaliyotenganishwa, kila pedali na tundu lake, ila fazi yenye betri. Jumla 24,200.

Mpangilio ulimtatiza zaidi. Jukwaa la hoteli lina waya wa mita 6 kutoka gitaani na mwingine wa 6 kwenda mikisani, na kila mita ina kapasitansi, ile tabia ya waya kumeza sauti za juu, ya pikofaradi 100 hivi. Pedali zote zikiwa zimezimwa, na zote ni za baipasi halisi, yaani zikizimwa hubaki kama waya mtupu, gitaa linausukuma waya wote ule peke yake, na sauti za juu zinafia njiani. Dawa yake ni bafa, saketi ndogo inayolisaidia gitaa kuusukuma waya. Lakini bafa ikitangulia fazi ya namna hii, fazi inaharibika: inataka kuliona gitaa moja kwa moja, na ule uchawi wa kusafika kwa volyumu unategemea hapo. Kwa hiyo fazi mbele kabisa, mara baada yake bafa ndogo niliyoificha ndani ya kisanduku cha dilei chenye matundu yake pembeni, kisha ovadraivu, dilei, na mwisho kiigaji cha spika.

Chumvi

Hili watu wa bara hawaliulizi. Miezi saba tu, na jeki za fazi zilikuwa zimeota kutu ya kijani kwenye ule ulimi wa shaba unaobana ncha ya waya. Ilikuwa bado haijakata sauti, ila ukizungusha plagi unasikia mikwaruzo. Na juu ya ubao kulikuwa na utomvu wa kulehemu ambao haukusafishwa, na utomvu huo hunyonya unyevu wa hewa ya bahari na kuanza kula shaba polepole. Niliusugua kwa spiriti na brashi ya meno mpaka ubao ukawa mkavu, nikaupaka vanishi nyembamba, nikaepuka soketi na trima. Jeki nilizibadilisha kwa zile zilizofungwa ndani ya plastiki. Hazina sura ya kupendeza kama za chuma zilizo wazi, lakini upepo wa Bamburi hauzifikii kirahisi. Ndani ya kifuniko nikabandika kipakiti cha vile vijiwe vinavyonyonya unyevu, vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu. Akivikausha juani kila baada ya miezi miwili mitatu vitaendelea kufanya kazi.

Ukitaka kujua kama pedali ya mkono imetengenezwa na mtu aliyefikiria pwani, fungua utazame jeki na utazame kama ubao umesafishwa. Kwangu mimi hayo yanatangulia aina ya kapasita na rangi ya kisanduku.

Jumapili ya pili ya mwezi wa tatu nilikwenda hotelini na kipimajoto changu, nikakaa kwenye kiti cha plastiki nyuma ya jukwaa. Saa nane na nusu kisanduku kilikuwa nyuzijoto 43, ingawa safari hii alikuwa amekifunika kwa kitambaa cheupe kati ya nyimbo, wazo lake mwenyewe na ni zuri. Alipiga kwa muda wa karibu saa mbili. Fazi haikukohoa hata mara moja. Kupitia kile kiigaji ilitoka spikani ikiwa na mwili, na mpiga kinanda, mtu mzima asiyependa makelele, aligeuka kumtazama akaendelea kupiga.

Doa lilijitokeza wiki iliyofuata, harusini Bombolulu. Fazi ikiwa imewashwa na gitaa limenyamaza, ilinasa stesheni ya redio, mtangazaji anasikika kwa mbali akisoma matangazo ya vifo. Hiyo ni bei ya ile silikoni: ina ukuzaji kwenye masafa ya juu ambayo germaniamu ya zamani haiyafikii. Alikuja asubuhi amekasirika. Nililehemu kapasita ya pikofaradi 47 kati ya kolekta na besi (mguu wa kuingilia) ya transista ya kwanza, na redio ikanyamaza. Alisema sauti za juu zimepungua kidogo. Nilisikiliza sana, kweli zimepungua, kidogo mno. Tukakubaliana ibaki hivyo, na mwezi wa saba tujaribu 22.

Kabla sijafunga skrubu nilibandika utepe wa karatasi ndani ya kifuniko, chini ya ile transista ya asili, nikaandika kwa kalamu: 27, 4.6. 33, 4.7. 44, 4.9. Kaskazi. Chini yake niliacha mistari mitatu mitupu ya kusi. Akaisoma, akaizungushia ile leso, akaondoka nayo kuelekea kituo cha matatu.